Ng'ombe wasishinde ukingoni mwa mto

Kwa miaka mingi nilichunga ng'ombe wa familia yetu kando ya kijito kinachoingia Mto Kilombero, Tanzania, nami niliamini kwamba mnyama akishuka mtoni hunywa maji na kuondoka. Sivyo ilivyo. Kiangazi kinapokolea na majani ya mbugani kukauka, ng'ombe hushinda pale pale penye kivuli na machipukizi mabichi, na matete yanayoliwa kila yanapochipua huishiwa nguvu hadi mashinani.

Kinachoniuma zaidi ni mnana wa Kilombero. Ndege huyu mdogo wa manjano, aliyetambuliwa rasmi na wataalamu mwaka 1990 na asiyepatikana nje ya Bonde la Kilombero, hutundika viota vyake kwenye matete yaliyosimama juu ya maji. Pale tulipozoea kushushia kundi letu, matete yalibaki visiki na viota vikatoweka. Baadaye ukingo uliokanyagwa ukaanza kumeguka, na mdiria waliokuwa wakichimba mashimo ya kutagia katika kuta zake wakahama.

Wapo wanaosema kwamba ndege bado ni wengi. Ukiwatazama vizuri, utaona kuwa ni yangeyange, ambao huandamana na ng'ombe ili kula panzi wanaofurushwa na kwato. Wingi wao haumaanishi hata kidogo kwamba mto ni mzima.

Ninawashauri wafugaji wenzangu wachague njia moja tu ya kushukia, penye mteremko mdogo na ardhi ngumu, na wawaondoe ng'ombe mara wanapomaliza kunywa. Panapowezekana, ni bora zaidi kujenga mbauti, yaani birika la kunyweshea mifugo, mbali na ukingo, ingawa kazi ya kuijaza si ndogo, kwa kuwa ng'ombe mkubwa huweza kunywa lita 50 kwa siku ya joto. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inalinda mita 60 kutoka ukingoni, na kwa niliyoyaona, kipimo hicho hakijazidi. Sisi tulizungushia kipande kimoja matawi ya miiba, na baada ya masika mawili matete yalisimama tena.

Mbuzi wasifike kabisa penye miche ya mikuyu, kwani mche unaong'atwa kileleni kila mara hudumaa na hauwi mti wa kushika udongo wa ukingo.