Sadaka ya Desemba ni ya Aprili pia

Mhariri, juma hili mmeuliza kanisa lifanye nini lisipooze wala kuishiwa fedha katika miezi ambayo watu na sadaka hupungua. Mimi ni mhazini wa usharika wa Kilutheri huku Kilimanjaro, mwaka wa sita sasa, na swali hilo nalala nalo.

Kwetu miezi hiyo inajulikana. Desemba wenetu wanarudi kutoka Dar es Salaam na Arusha, kanisa linajaa hadi wengine wanakaa nje. Januari wanaondoka, na tuliobaki tunanunua sare na madaftari ya watoto. Machi masika yanaanza, njia zinateleza, wazee hawawezi kupanda kilima. Kahawa bado iko mtini. Kuvuna ni kuanzia Julai hivi. Mpaka hapo, anayetegemea kihamba chake, shamba la nyumbani la kahawa na ndizi, hana fedha mkononi hata kama anampenda Mungu kiasi gani.

Mwaka mmoja wazee wa kanisa tulipoiona sadaka ya Krismasi, tuliamua palepale kupaua nyumba ya mwinjilisti. Mbao na mabati vikanunuliwa Januari. Kufika Aprili mwinjilisti mwenyewe alikuwa hajalipwa miezi miwili, na hakusema neno. Aliendelea kuzika wafu wetu na kufundisha watoto wa kipaimara. Daftari nilikuwa nalo mimi, nilijua. Bado linaniuma.

Tangu hapo, sadaka ya Desemba ikishafika benki tunatenga kwanza mishahara, umeme na mgawo tunaopeleka dayosisi hadi Juni. Kinachobaki ndicho cha ujenzi. Wapo waliopinga, wakisema wageni wa Desemba wasipoona tofali likipanda hawatatoa. Tukawasomea wageni hesabu zote kwenye matangazo, mapato na matumizi, wakatuelewa upesi.

Halafu kuna ahadi za sadaka. Bahasha zetu zilikuwa za kila mwezi, sawasawa kwa mwalimu na kwa mkulima. Mwalimu ana mshahara. Mkulima hupata malipo ya awali akipeleka kahawa chama cha msingi, yaani ushirika wa wakulima, na nyongeza baadaye soko likikubali. Asiyeweza kujaza bahasha ya Machi huona haya, na mwenye haya haji ibadani. Tulikuwa tunawafukuza watu wetu kwa karatasi. Sasa kila mmoja anapanga ahadi yake kufuata kahawa, maharage au maziwa yake. Anayeleta mkungu wa ndizi au mayai, tunapiga mnada nje baada ya ibada. Ila nawasihi wenzangu: mama aliyeleta mayai sita asichekwe, na mnada usiwe mrefu kuliko mahubiri.

Kuhusu uhai wa kanisa, mimi naamini jumuiya, yale makundi madogo ya waumini majirani, kuliko makongamano. Wakati wa masika tunapunguza vikao vya usharikani na kuongeza ibada za nyumbani, tukianzia kwa wagonjwa na wazee waliozuiwa na matope. Kwaya inajigawa, waimbaji wanne watano kila jumuiya. Sadaka ya huko ni ndogo sana, lakini hakuna mkristo anayekaa miezi mitatu bila mtu kumbishia hodi na kuomba naye.

Na wenetu wa mjini? Kundi letu la WhatsApp lilikuwa la kuomba michango tu, wengi wakajitoa, na walikuwa na haki. Siku hizi tunawapa habari za wagonjwa na misiba, tunawatumia picha za watoto wa kipaimara, nao wanatutumia mahitaji yao ya maombi. Namba ya kutuma sadaka kwa simu tunaiweka mara moja kwa mwezi, basi. Baadhi yao wanatuma kidogo kidogo mwaka mzima badala ya kungoja Krismasi.

Aprili iliyopita mwinjilisti alilipwa kwa wakati. Upande wa jikoni wa nyumba yake bado haujapauliwa. Tutaendelea nao malipo ya kahawa yakitoka.

Mhazini wa usharika, Moshi Vijijini