Bei kikomo isiyo na saa: jibu la niliyekuwepo Texas, Februari 2021

Mleta mada ameuliza mambo mawili. La kwanza, umeme ukipungua kwenye gridi, kwa nini mdhibiti asiweke bei kikomo ndogo ya jumla akamaliza kazi? La pili, kwa nini mwananchi wa kawaida asinunue umeme kwa bei hiyo ya jumla mwenyewe, akafaidi ule wa bei chee wa usiku? Wadau wamejibu. Wengine wanasema bana bei, wengine wanasema iache ipande mpaka mitambo ijitokeze. Nimesoma uzi wote na sijaona aliyeuliza bei hiyo ikae juu kwa saa ngapi. Mimi saa hizo ndizo zilizonitoa kazini, kwa hiyo naomba mnivumilie, nitaandika kirefu.

Nilikuwa huduma kwa wateja kwenye kampuni ndogo ya umeme wa rejareja, maeneo ya Dallas. Jina lake naliacha. Kwa walioko nyumbani: sehemu kubwa ya Texas anayekuuzia umeme si mwenye nguzo wala si mwenye mtambo. Ananunua kwa bei ya jumla kwenye soko linaloendeshwa na ERCOT, msimamizi wa gridi, na bei hiyo inabadilika kila dakika chache. Sisi tulikuwa tunamuuzia mwenye nyumba kwa mkataba wa mwaka, senti 11 kwa uniti, soko lipande lisipande. Siku za kawaida bei ya jumla ilikuwa senti 2 au 3 kwa uniti. Ukishalipia nguzo na nyaya, kinachobaki ndiyo mishahara yetu.

Bei kikomo ya jumla ilikuwepo, msidhani haikuwepo. Tangu 2015 ilikuwa dola 9,000 kwa megawati-saa (uniti 1,000), maana yake dola 9 kwa uniti moja. Haikuwa uzembe, waliipanga makusudi. Texas hawamlipi mwenye mtambo kwa kukaa tayari tu. Mtambo unaohitajika saa chache kwa mwaka inabidi upate riziki yake yote ndani ya saa hizo, la sivyo hakuna atakayeujenga. Na hoja hiyo siikatai, kwa sababu niliiona ikifanya kazi. Agosti 2019, joto kali, bei iligonga dola 9,000 mchana wa siku mbili tofauti. Kila mwenye mtambo alikuwa ameuwasha, watumiaji wakubwa wakapunguza matumizi, jioni jua likalegea na bei ikashuka. Hakuna nyumba iliyokatiwa. Kwa hiyo ndugu zangu mnaosema bei isipande kabisa, hapo siko nanyi.

Sasa njooni Februari 2021.

Jumapili tarehe 14 baridi ilishuka jimbo zima, na matumizi ya umeme yakafika karibu megawati 69,000, kiwango ambacho gridi ile haikuwahi kukibeba wakati wa baridi. Usiku wa kuamkia Jumatatu mitambo ikaanza kudondoka mmoja baada ya mwingine. Gridi ya Marekani inatembea kwenye hezi 60, yaani mapigo 60 ya umeme kwa sekunde, na namba hiyo hushuka matumizi yakiizidi mitambo. Kabla ya saa 8 usiku ilikuwa imeshuka chini ya 59.4, ikakaa huko zaidi ya dakika 4. Ingefika dakika 9, mitambo iliyobaki ingeanza kujizima yenyewe kujilinda, na jimbo zima lingekaa gizani kwa wiki. ERCOT wakaamuru kukata. Kwenye kilele walikuwa wamekata megawati 20,000, na zaidi ya nyumba milioni 4 zikakosa umeme.

Nyumba yangu iko laini moja na hospitali, kwa hiyo haikukatwa. Jumanne asubuhi Dallas ilikuwa nyuzi 19 chini ya sifuri. Nilikuwa na watu 11 sebuleni: familia yangu, jirani Mkenya na mama yake, na familia ya Wakongo kutoka Bukavu ambao kwao maji ya kunywa yalikuwa yameganda ndani ya kikombe mezani jikoni. Yule mama alikibeba kikombe chenyewe mpaka kwangu kunionyesha. Uji ulikuwa jikoni saa zote, na mimi nimekaa kwenye ngazi na kompyuta ya kazini, maana wakati ule wa korona tulikuwa tunafanyia kazi nyumbani. Upande mmoja wa skrini simu za wateja, upande wa pili bei ya jumla. Na bei ilikuwa namba moja tu, 9,000, safu nzima, haitikisiki.

Namba hiyo haikufika pale yenyewe, na hapa ndipo penye somo. Jumatatu mchana, nyumba zikiwa zimezimwa kwa mamilioni, bei ya jumla ilikuwa inashuka mpaka kwenye dola 1,200. Kompyuta ya soko ilihesabu nyumba iliyokatiwa kama nyumba isiyohitaji umeme. Tume ya Huduma za Umma ya Texas, ambayo kwa huko nyumbani Tanzania ni kama EWURA, mdhibiti wa nishati na maji, ikasema hilo haliwezekani, uhaba ukiwa mkubwa kiasi hiki bei lazima iuonyeshe. Ikaamuru bei iwekwe 9,000 kwa amri mpaka dharura iishe. Kosa la kompyuta lilikuwa la kweli, nawapa haki yao. Lakini amri haikuwa na saa.

Sasa jiulize, dola 9 zile zilikuwa zinamwita nani? Visima vya gesi vilikuwa vimeganda, na vingine vilikuwa vimekatiwa umeme wa kuendeshea pampu zao. Mitambo ya gesi haina gesi, ya upepo ina barafu. Hata kinu kimoja cha nyuklia cha South Texas Project kilizimika kwa sababu ya mrija wa kupimia maji ulioganda. Bei ingeweza kumwambia mwenye kinu afunike mrija ule mwezi wa kumi. Alfajiri ile haikuwa na la kumwambia. Upande wa watumiaji nako, mamilioni walikuwa wameshazimwa, wapunguze nini?

Hesabu yetu sisi ilikuwa hivi. Nyumba ya kawaida yenye hita ya umeme ilikula uniti 60 kwa siku kwenye baridi ile, na nyingi zilizidi hapo. Kampuni ilizinunua kwa dola 540. Mteja atalipa dola 6 na senti 60. Zidisha kwa zaidi ya siku tatu, zidisha kwa wateja wote. Meneja wetu alikuwa amenunua mapema sehemu tu ya umeme wa msimu, kiasi kinachotosha baridi ya kawaida. Jumatano usiku alituandikia tuache kusajili wateja wapya. Kabla mwezi wa tatu haujaisha wateja walishahamishiwa kampuni nyingine, nasi tukaambiwa turudishe kompyuta.

Ukataji wa umeme ulikoma Jumatano tarehe 17, dakika chache kabla ya saa 6 usiku. Mitambo ilikuwa inarudi. Bei ikabaki 9,000 Alhamisi nzima, usiku mzima, mpaka Ijumaa tarehe 19 saa 3 asubuhi. Zaidi ya saa 30, taa zinawaka, bei ya maafa. Mchunguzi huru wa soko, Potomac Economics, aliandika kwamba saa hizo ziliongeza gharama za dola bilioni 16 na akataka zihesabiwe upya. Si kwamba bilioni zote 16 zilipotea, maana wengi sokoni ni wanunuzi na wauzaji kwa wakati mmoja na madai mengine yanafutana. Lakini wale wadogo waliokuwa wanunuzi tu hawakuwa na cha kufutia. Ushirika wa umeme wa Brazos, uliokuwa unalisha vyama vya wanavijiji, ulidaiwa zaidi ya dola bilioni 1.8 kwa siku zile chache ukaomba kufilisika tarehe 1 Machi.

ERCOT walijitetea kwamba bei ingeshushwa haraka viwanda vingewasha mashine kwa pamoja na gridi ingeanguka tena. Saa sita ningeelewa, hata kumi na mbili. Tume ilikataa kurekebisha. Seneti ya Texas ilipitisha muswada wa kurekebisha, Bunge la Wawakilishi halikuupitisha. Juni 2024 Mahakama ya Juu ya Texas ikasema amri ilikuwa ndani ya mamlaka ya tume. Kisheria limekwisha.

Na breki ilikuwepo! Hili watu wengi hawalijui. Kanuni ilisema mapato ya mitambo yakivuka kiwango fulani ndani ya mwaka, bei kikomo inashuka hadi dola 2,000, au mara 50 ya bei ya gesi, ile iliyo kubwa. Siku za kawaida gesi ni dola 3 kwa kipimo chake, mara 50 ni 150, kwa hiyo 2,000 inatawala. Wiki ile gesi ilifika mamia ya dola. Chukua 300 tu: mara 50 ni dola 15,000. Breki ingeisukuma gari mbele. Ndiyo maana tume iliisimamisha breki ndani ya amri ileile. Kwa hiyo mkiandika kanuni za kwenu, breki ya bei ya umeme msiifunge kwenye bei ya mafuta yanayouzalisha, kwa sababu uhaba wa kimoja mara nyingi ni uhaba wa kingine.

Kwa mleta mada anayetaka bei ndogo tangu mwanzo, mfano wake ni Australia. Wale wana saa. Bei za siku 7 zinajumlishwa, na jumla ikivuka kiwango, bei inabanwa yenyewe. Juni 2022 ilibanwa kwenye dola 300 za kwao. Tatizo ni kwamba makaa na gesi vilikuwa vimepanda sana baada ya vita vya Ukraine, na kuna mitambo iliyozalisha kwa gharama inayozidi 300. Wenye mitambo hiyo wakaondoa umeme wao sokoni. Msimamizi wa gridi, AEMO, akawa anaamuru mtambo mmoja mmoja uwake, mpaka tarehe 15 akalisimamisha soko lote. Lilifunguliwa tarehe 24. Baadaye mwaka huohuo kiwango cha kubana kikapandishwa hadi 600. Kwa hiyo saa peke yake nayo haitoshi. Bei ya kushukia lazima imlipe mwenye mtambo mafuta yake, na kama haimlipi kuwe na njia ya kumfidia kwa risiti.

Texas wenyewe walifika hapohapo, wakiwa wamechelewa. Januari 2022 bei kikomo ilishushwa hadi dola 5,000. Mwaka 2023 wakaweka saa: bei ikigonga kikomo kwa saa 12 ndani ya saa 24, inashuka hadi 2,000. Kanuni hiyo ingekuwepo Februari ile, kwenye saa ya 13 kampuni yetu ingekuwa na jeraha, lakini hai. Ninachoona bado ni pengo ni gesi. Umeme una kikomo, gesi inayouzalisha iliachwa ipande itakavyo, na fedha nyingi za wiki ile ziliishia huko.

Nyumbani Tanzania hatuna soko la namna hii. Uhaba wetu tuliulipia kwa mgao, na kwa mitambo ya kukodi ya dharura kama ile ya 2006 bwawa la umeme la Mtera lilipokauka. Nayo ni bei ya uhaba, ila imefichwa ndani ya mkataba. Lakini laini ya kilovolti 400 imeshaunganisha Kenya na Tanzania, na nchi zetu zimo kwenye umoja wa gridi wenye makao Addis Ababa. Siku rasimu ya kanuni za soko itakapoletwa kwa wananchi watoe maoni, watu watabishania ukubwa wa bei kikomo. Tafadhali someni na kifungu cha muda, na kama hakimo, pigeni kelele.

Swali la pili, la mwananchi kununua kwa bei ya jumla. Texas lilikuwepo hilo mpaka 2021, kisha sheria ikalipiga marufuku kwa wateja wa majumbani. Shemeji yangu alikuwa na mkataba huo, na kwa miaka miwili alinicheka kwa senti zangu 11. Yeye hakukatiwa umeme wiki ile. Jumanne alikaa na simu mkononi, kila akiba ikipungua kampuni inavuta kwenye kadi: dola 200, baada ya muda 200, kisha 200 nyingine. Akazima mashine ya maji moto, akazima taa, akawaweka watoto chumba kimoja na hita moja. Dola 200. Jioni akashusha swichi kuu ya nyumba yake mwenyewe, yenye umeme, akawafunga watoto mablanketi akaja kwangu. Ndiye mtu pekee niliyemwona kwa macho yangu akiitikia ile bei. Walilala kwangu mpaka Ijumaa. Aliporudi alikuta mabomba yamepasuka darini kwa baridi, na dari ya chumba cha watoto iko kitandani.