Pumu ya ngozi ya mtoto: jina la mafuta halitoshi, kupaka kila siku ndiyo dawa

Juzi dada mmoja wa Sakina, Arusha, aliona picha za mwanangu za kutimiza miaka miwili akaniandikia: "Mama, ngozi laini hivyo! Ulimpaka nini? Nitajie jina tu nikanunue." Nimeona nijibu hapa, maana wanaouliza hivyo ni wengi.

Jina ni mafuta ya mgando. Yale ya kopo, yasiyo na manukato. Lakini ukinunua kopo bila kusikia habari yake utanirudia unalalamika.

Mwanangu ana pumu ya ngozi (eczema), na kwetu ilianzia mashavuni akiwa bado mchanga. Usisubiri kuona wekundu kama picha za mtandaoni. Kwa watoto wetu weusi ngozi inakuwa kama ya kijivu au inakoza weusi, ina vipele vidogo, na ukiipitisha kidole inakwaruza. Usiku alisugua shavu kwenye shuka, asubuhi nakuta alama za damu. Na kila mtu alikuwa na neno. Nikaambiwa maziwa yangu ndiyo mabaya, niache mayai, niache samaki, nikabaki nanyonyesha huku nakonda. Kanisani mama mmoja alimvuta mwanawe asimguse wangu. Hilo linaniuma hadi leo. Pumu ya ngozi haiambukizi, jamani! Si uchafu wa mama wala jicho la mtu. Baba yake ana pumu ya kifua, mimi vumbi la Januari hunilaza na mafua; mambo haya hutembea pamoja kwenye ukoo.

Duka moja la dawa mtaani lilituuzia tyubu ya "kila ugonjwa wa ngozi". Siku chache mashavu safi, tukashangilia. Tulipoacha, vipele vikarudi vingi kuliko mwanzo. Mama, soma boksi. Ukikuta betamethasone au clobetasol, hizo ni steroidi kali, yaani dawa za kutuliza uvimbe na muwasho wa ngozi, si za kumpaka mtoto mchanga usoni bila daktari.

Sisi wa Moshi tuna bahati: hospitali ya KCMC pana kituo cha magonjwa ya ngozi tangu 1992, na madaktari kutoka nchi nyingi za Afrika huja kusomea pale. Daktari alimvua mwanangu nguo zote, akampapasa mgongo polepole, akaniambia ngozi hii ni mtungi wenye nyufa: maji yanavuja, vinavyowasha vinaingia. Akaandika steroidi hafifu ya kupaka kidogo kwa siku chache panapowaka tu. Hiyo usiiogope ukipewa na daktari. Kazi ya kila siku ikabaki kwa mafuta.

Basi fanya hivi. Muogeshe kwa maji ya uvuguvugu, dakika 5 hadi 10, sabuni isiyo na harufu na kidogo tu. Mkaushe kwa kumbonyezabonyeza na kanga, usimsugue. Kabla dakika 3 hazijapita, ngozi ikiwa bado na unyevu, mpake mafuta mwili mzima. Jioni mpake tena. Hata ngozi ikiwa safi, mpake. Wengi wetu tunaanguka hapo: vipele vikipotea na kopo linapotea. Mpake!

Juni na Julai baridi ikibana, lile sweta la sufu la bibi livaliwe juu ya nguo ya pamba, lisiguse ngozi. Kucha zikatwe fupi. Na vyakula vyako, wewe unayenyonyesha, usiviache kwa maneno ya majirani. Muulize daktari kwanza.

Dada wa Sakina, angalia pia hili: ukiona majimaji yanayoganda rangi ya asali, au malengelenge madogo yanayomuuma, au ana homa, mpeleke hospitali siku hiyohiyo. Na mwenye vidonda vya homa mdomoni asimbusu mtoto, asije akamwambukiza malengelenge hayo, hata akiwa bibi yake mzaa baba.