Usikimbilie brashi: kwa mnaoanza kutafuta rangi kwenye sanamu za Kigiriki

Wadogo zangu, siku mtakayokabidhiwa kipande cha marumaru chenye tope, mikono itawawasha mkisugue. Iacheni iwashe. Rangi ya Wagiriki, pale iliposalia, imejificha humo humo kwenye uchafu: ndani ya mikunjo ya nguo, nyuma ya sikio, katikati ya nywele. Miaka ya 1930, British Museum, London, sanamu za Parthenon, hekalu la Athene, zilikwanguliwa kwa vyuma vya shaba ili ziwe nyeupe. Kilichoondoka hapo hakirudi.

Anzeni na taa. Ilazeni ubavuni mwa jiwe, mzime nyingine zote. Rangi hazikudumu sawa, hivyo jiwe lililokosa kifuniko mapema limelika zaidi, na mapambo huibuka kwa kivuli hata kama rangi yenyewe ilishakwenda zake.

Kisha bluu ya Kimisri, rangi ya kale ya kutengenezwa, kipenzi changu. Ukiimulika kwa mwanga mwekundu hutoa infraredi, mwanga usioonekana kwa macho, na kamera iliyoondolewa kichujio chake cha kuzuia infraredi huiona ikiwaka, hata chembe ambayo jicho haliioni. Sasa sikieni aibu yangu. Jioni moja nilipiga picha ya kipande cha vazi, kikawaka chote. Nikamwita mkubwa wangu mbio mbio. Yeye wala hakuitazama sanamu. Alitazama kibao cha kulinganishia nilichokiweka pembeni. Nacho, ambacho hakipaswi kuwaka, kilikuwa kinawaka! Akaenda dirishani kimya kimya, akavuta pazia. Jua lilikuwa linapenya, nalo limejaa infraredi. Tukarudia: giza, na vitone vitatu tu kwenye upindo. Hivyo vitatu ndivyo vilivyoingia kwenye ripoti.

Kwenye ripoti andikeni mlichopima: zingefuri (rangi nyekundu ya zebaki), okra (rangi ya udongo), bluu ya Kimisri. "Vazi lilikuwa jekundu" ni neno kubwa, maana mara nyingi tunachokipata ni tabaka la chini, na vivuli vya juu vilishapotea. Nakala za sanamu zilizopakwa rangi na akina Brinkmann, watafiti wa Kijerumani, zilizoonyeshwa Munich mwaka 2003, wengi walizicheka kuwa kama midoli. Mimi naziheshimu, ingawa wachekaji nao nawaelewa: plasta haing'ai kama marumaru.

Phrasikleia, sanamu ya msichana aliyefukuliwa Merenda, Ugiriki, mwaka 1972, alibaki na rangi nyingi kwa sababu alizikwa mapema shimoni. Kwa hiyo udongo unaodondoka mezani msiumwage. Utieni kwenye kifuko, muandike juu yake namba ya kipande.