Soma kifungu cha maadili kabla ya kusaini ruzuku

Kikundi cha sanaa kikipata ruzuku ya umma, husoma haraka ukurasa wa kiasi cha fedha na ukurasa wa sahihi. Kinachofunga mdomo kiko katikati. Tafuta "maadili", "taswira ya nchi" na "idhini". Maneno mawili ya kwanza hayana kipimo, kwa hiyo hutafsiriwa na afisa yeyote atakayekuwa zamu siku ya onyesho. La tatu ni zito zaidi: ukikubali kila badiliko la mwongozo, yaani maandishi ya mchezo, lisubiri idhini, mtunzi wa mchezo si wewe tena.

Usikatae mkataba mzima. Kata kifungu kwa kalamu, weka sahihi fupi pembeni, kisha pendekeza hiki: "Mfadhili anaweza kuondoa nembo yake kwenye kazi, lakini hatabadili wala kusimamisha maudhui yake." Maafisa wengi hofu yao ni jina la ofisi, na sentensi hiyo inawapa njia ya kutoka.

Bella Lewitzky, mtunzi wa dansi wa California, alifanya hivyo mwaka 1990. Mfuko wa sanaa wa serikali ya Marekani ulimpa dola 72,000 kwa sharti la kuahidi kwamba hazitatumika kwa kazi chafu. Alilikata sharti, fedha zikazuiwa, akaenda mahakamani, na mwaka 1991 akashinda: maneno ya sharti hayakuwa na mpaka unaoeleweka, hivyo msanii angejizuia mapema kuliko sheria inavyotaka. Ila mwaka 1998, katika kesi ya Karen Finley na wenzake watatu, majaji 8 dhidi ya 1 wa Mahakama ya Juu waliruhusu mfuko huohuo kuzingatia staha unapochagua nani apewe. Kwa hiyo pinga zaidi masharti yanayokufunga ukishachaguliwa.

Kenya una msingi imara: Ibara ya 33 ya Katiba inataja waziwazi uhuru wa ubunifu wa kisanaa. Inukuu katika barua. Ibara ya 18 ya Tanzania inalinda maoni na fikra bila kutaja sanaa kwa jina. Isitoshe, Mfuko wa Utamaduni na Sanaa Tanzania hutoa mikopo, na hapo hatari ni nyingine kabisa: onyesho likinyimwa kibali, marejesho yanaendelea. Omba kiandikwe kwamba kibali kikikataliwa, marejesho yasogezwe mbele.

Sasa malipo, ambako udhibiti mwingi hupita kimyakimya. Asilimia 40 ikibaki hadi mfadhili aone onyesho, waigizaji wataondoa sehemu kali wenyewe na hakuna atakayekuwa ameamuru. Dai awamu ya kwanza isipungue nusu. Ya mwisho isizidi asilimia 10, na ifungwe kwenye risiti na taarifa ya matumizi tu. Fedha za umma zilipie ukumbi, usafiri na taa. Mwandishi mlipe kwa viingilio au michango.

Vifaa navyo vinahitaji mpango. Aprili 2025 wanafunzi wa Shule ya Wasichana ya Butere, Kenya, walikuwa na amri ya mahakama iliyowaruhusu kuigiza katika tamasha la kitaifa la shule huko Nakuru, lakini waliletwa jukwaani bila hadhira wala vyombo vya sauti. Waliimba wimbo wa taifa wakaondoka. Amri ya karatasi haiwashi spika, kwa hiyo lipia mapema malipo ya awali ya vyombo vya kukodi na ukumbi wa pili, hata kama mwenyeji ameahidi vyake.

Na simu ikipigwa kuagiza sehemu iondolewe, usibishane. Andika barua pepe siku hiyohiyo: "Tumepokea maelekezo yako ya simu kuhusu sehemu ya tatu. Tafadhali tuandikie kifungu cha sheria au mkataba unachokitumia." Ambatisha mwongozo uleule uliowasilishwa wakati wa maombi, wenye tarehe na muhuri wa kupokelewa.