Mume wangu ana homa ya ini, nimtengee sahani?

SWALI: Shikamoo Bi Nesi. Mume wangu ni dereva wa tuktuk hapa Likoni. Alikwenda kumtolea ndugu yake damu, akaambiwa ana homa ya ini aina ya B. Yeye haumwi popote, hata macho hayakugeuka manjano. Mavyaa yangu kaniamrisha nimtengee sahani na kikombe. Sasa anakula peke yake barazani. Nakuficha nini, nashuku pia alikoipata. Sote tumepita miaka 30, tuna watoto wawili.
Mama wa wawili, Likoni

JIBU: Marahaba mwanangu. Leo leo mrudishe kwenye sinia. Virusi hivi havipiti kwenye wali, kikombe wala kupeana mkono. Hupita kwa damu, kwa tendo la ndoa, na kwa mama kumwambukiza mwana anapomzaa. Ukitaka kutenga, tenga wembe na mswaki. Juu ya wembe mkavu vyaweza kuishi siku 7. Na akienda kuumikwa, yaani kuchanjwa na kufyonzwa damu (nawajua madereva, mgongo ukiuma tu wakimbilia chuku), wembe wake ukitumika utupwe.

Wewe nenda kapimwe damu. Ukiwa huna, omba chanjo: sindano ya kwanza, ya pili baada ya mwezi, ya tatu mwezi wa 6. Mpaka umalize, tumieni kondomu. Watoto, fungua vijitabu vyao vya kliniki utazame chanjo za wiki ya 6, 10 na 14. Kinga hii imo humo hapa Kenya tangu 2001. Ninyi mlizaliwa mapema mno. Hata hivyo watoto nao wapimwe.

Mumeo asidanganyike kwa kuwa haumwi. Ini huharibika kimyakimya, miaka na miaka, mpaka likakauka au likafanya saratani. Arudie kipimo baada ya miezi 6. Virusi vikiwapo bado, daktari ataliangalia ini na kuamua kama aanze vidonge sasa au angojee. Pombe aiache, na hizo dawa za mizizi pia.

Ama hiyo shaka yako, ipunguze. Mkubwa akiambukizwa, mara nyingi mwili huviondoa wenyewe. Mtoto mchanga ndiye huvibeba: katika 10 walioambukizwa, 9 hukua navyo. Huenda mumeo anavyo tangu siku ya kuzaliwa.

Kwa hiyo mavyaa yako naye apimwe. Mwambie kwa adabu, na usimtaje aliyekutuma.