Unarudi kusoma MBA ukiwa mtu mzima? Anza na hiyo shikamoo

Kazini kuna wenzangu watatu wanataka kuingia MBA ya jioni, hii masta ya biashara, na swali lao wote ni moja, eti nitaweza kukimbizana na vijana waliomaliza digrii juzi? Mimi niliingia na miaka 43, manunuzi na ghala nimefanya miaka 17, na kukimbizana nao wala siyo ishu. Ishu ni kwamba ukikosea hawakwambii.

Ngoja niwape kisa. Muhula wa kwanza tukapewa asaimenti ya grupu, somo la uhasibu, kampuni imekodi ghala miaka mitano, onyesheni linaingiaje kwenye hesabu. Nikaona hii yangu kabisa, mikataba ya maghala ndo nashinda nayo, nikawaambia kodi ya pango inaenda kwenye matumizi kila mwaka kwisha habari, maana diploma yangu ya 2006 ilinifundisha hivyo. Kijana mmoja akafungua mdomo, akaufunga. Tukapata 4 kwa 15. Kumbe tangu tarehe 1 Januari 2019 kuna IFRS 16, kanuni ya kimataifa ya uhasibu wa mikataba ya kukodi, imeiondoa ile ya zamani IAS 17 niliyosoma mimi, sasa hivi mpangaji anaonyesha kwenye mizania haki ya kutumia ghala kama mali yake na kodi za huko mbele kama deni, labda mkataba uwe wa miezi 12 kushuka chini au kitu chenyewe cha thamani ndogo. Na yule kijana alikua anajua! Namuuliza sasa mbona ulinyamaza, ananijibu "mama, ningekubishiaje?"

Yani mtoto kanipa shikamoo mlangoni, kiti kanipisha, alafu kaniacha nazama na yeye yumo ndani ya boti hiyohiyo. Nikawaambia kuanzia leo shikamoo inaishia getini, tukikaa kwenye grupu mniite jina, na atakayeona nimekosea akakaa kimya, chai ya wiki nzima juu yake. Mwanzoni waliona aibu. Wiki ya tatu walinichambua mpaka nikatamani heshima yangu irudi hahaha.

Sisemi uzoefu hauna kazi. Kuna siku tulikua tunapanga mtiririko wa fedha, swali linasema mteja analipa ndani ya siku 30, darasa zima linakokotoa tu. Nikanyoosha mkono nikauliza je LPO, yaani oda ya manunuzi, ikichelewa kusainiwa, je ankara ikirudishwa kisa risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, ina jina limekosewa, je msaini cheki yuko safari? Dokta anayetufundisha akafuta ubao, tukarudia hesabu kwa siku 75, na ile kampuni iliyokua na hela nyingi ikaonekana haina hata ya mishahara. Unaona tofauti lakini? Ghala nilileta jibu, huku nilileta swali.

Mengine ni madogo madogo. Hesabu za kupunguza thamani ya fedha ya baadae nilifundishwa na mwanangu wa fomu foo, mezani, na alikua ananisonya. Bosi mwambie mapema, tena kwa barua, maana testi zetu zilikua zinaangukia mwisho wa mwezi na mimi mwisho wa mwezi ndo nahesabu stoku. Kula kabla ya kipindi, ukitoka kazini saa kumi na moja ukakaa darasani mpaka saa mbili usiku na njaa, hakuna kinachoingia. Na kama risechi utafanyia data za ofisini kwenu omba kibali kabla hujaandika hata proposo, mwenzetu mmoja alimaliza sura tatu ndo akaambiwa zile takwimu ni siri ya kampuni, akaanza moja.

Muhula ujao tuna takwimu. Kalkuleta ya sayansi nimeshanunua ya kwangu, ile niliyoazima kwa mwanangu mwenyewe kaidai.